Mkalimani Niliyemkata Kwenye Video, na Kiziwi Aliyekufa Akija Nairobi

Wacha nianze na aibu yangu, halafu ndio twende kwa historia.

Mwaka jana kanisa moja la mtaani kwetu liliniita niwachukulie video ya ibada. Haikuwa kazi ya pesa nyingi, lakini tripodi yangu ilikuwa imeshikwa na jamaa niliyekuwa na deni lake, kwa hivyo singeweza kuringa. Nikachukua picha safi kabisa. Pasta anatoa jasho, kwaya inaruka, mama mmoja analia na leso mkononi. Usiku nikakaa kukata. Nikagundua kuna jamaa amesimama pembeni ya jukwaa, shati jeusi, anarusha mikono kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ananiharibia fremu. Nikavuta picha karibu, nikamwondoa, maisha yakaendelea.

Video ilifanya vizuri. Siku ya tatu ikaingia komenti moja: "Huyo uliyemkata ndiye alikuwa anatuhubiria sisi." Nikajibu kimzaha, ati kwani pasta naye alikuwa anahubiria nani? Akaandika neno moja tu: "Nyinyi."

Manze, nilikaa na hiyo "nyinyi" wiki nzima.

Wale mnanifuata mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Faida ya kuacha chuo ni kwamba hakuna mtu wa kukupangia cha kusoma, na mimi nikishikwa na kitu huwa sikiachi. Nikaanza kutafuta: ni nani hasa alisema viziwi wahubiriwe kwa mikono? Ilianza lini? Mbona kanisa kubwa lenye spika za milioni linaweka mtu mmoja kwenye kona na kujiona limemaliza kazi? Nilichokipata ni historia ndefu yenye watu wazuri waliofanya mabaya na watu wenye nia ya kando waliofanya mazuri. Na katikati kuna mtu mmoja ambaye mimi sikuwahi kufundishwa jina lake shuleni, ilhali alikufa akiwa njiani kuja kwetu.

Kabla hatujaenda mbali, kuhusu neno lenyewe. Natumia "kiziwi" na "viziwi" kwa sababu ndivyo jamii yenyewe Kenya inavyojiita, bila aibu. Najua wako watu watasema ngeli ya KI-VI inamgeuza mtu kuwa kitu, kama kiti na viti. Ni kweli Kiswahili kiliwasukuma kipofu, kiziwi na kiwete kwenye chumba kimoja na kijiko. Lakini sarufi hiyo hiyo inasema kiziwi *amekuja*, sio *kimekuja*. Neno ambalo hutakiwi kutumia ni "bubu". Mtu anayezungumza na mikono siku nzima hajakosa maneno. Ni wewe umekosa macho.

Sasa, shida ya dini na viziwi ilianzia kwenye sikio. Paulo aliwaandikia Warumi kwamba imani inatokana na kusikia, na kwa karne nyingi Ulaya kuna watu walilichukua hilo neno kwa neno: kama hasikii, basi injili haimfikii. Sheria nayo ikaongeza. Sheria za Warumi za zamani zilimnyima aliyezaliwa kiziwi na asiyesema haki ya kuandika wasia. Kwa hivyo mtu anakosa mbingu na shamba kwa pamoja.

Ajabu ni kwamba vitabu vyenyewe vilikuwa na ishara tayari. Katika Injili ya Luka, Zakaria akiwa hawezi kusema, majirani wanamwashiria mtoto apewe jina gani, naye anaomba kibao aandike. Katika Kurani, Zakariya huyo huyo anapewa siku tatu za kuzungumza na watu kwa ishara tu, na Maryam akiulizwa kuhusu mtoto anamwonyesha kwa kumwashiria. Wanasheria wa Kiislamu walilifikiria jambo hili mapema. Mecelle, ule mkusanyiko wa sheria za dola la Uthmaniya uliotoka miaka ya 1870, ina kanuni inayosema ishara inayoeleweka ya mtu asiyeweza kusema ina nguvu sawa na tamko la mdomo. Yaani unaweza kuuza ng'ombe kwa mikono na mkataba ukasimama. Na huko Istanbul, kwenye jumba la Sultani, viziwi walikuwa na kazi na lugha yao ya ishara karne nyingi kabla.

Upande wa Wakristo, jina la kwanza linalotajwa sana ni Pedro Ponce de León, mtawa wa Kibenediktini wa Oña, Hispania, aliyefariki 1584. Watawa wa shirika lake walikuwa na ishara zao za kutumia saa za kimya, za kuomba mkate au kitabu bila kufungua mdomo. Ponce akaletewa watoto viziwi wa familia tajiri ya Velasco, akawafundisha kuandika, kusoma, hata kutamka. Kwa nini familia ililipa? Wengi wanasema ni urithi: mtoto akiweza kusema, mali inabaki nyumbani. Sala ilikuwepo, lakini na hati ya shamba ilikuwepo.

Ruka hadi Paris, karibu 1760. Padri mmoja, Charles-Michel de l'Épée, anaingia nyumba fulani na kuwakuta wasichana wawili mapacha wakishona. Anawasalimia, kimya. Anarudia, kimya. Mama yao anaingia na kueleza: ni viziwi wote wawili, na padri aliyekuwa akiwafundisha dini kwa picha amefariki. Épée akaingiwa na hofu kwamba hawa watoto watakufa bila kumjua Mungu. Hofu hiyo ndiyo ilizaa shule maarufu ya viziwi, ya bure, mlango wazi kwa maskini.

Hapa nataka usimame kidogo, kwa sababu kuna uongo unaotembea mpaka leo kwamba Épée "alivumbua" lugha ya ishara. Hapana, buda. Viziwi wa Paris walikuwa na lugha yao tayari, na tunalijua hilo kwa sababu mmoja wao, Pierre Desloges, kiziwi fundi wa kujalidi vitabu, aliandika kitabu mwaka 1779 akiitetea. Alichofanya Épée ni kuikubali, na hilo lilikuwa jambo kubwa, halafu akaibebesha mzigo: akabuni ishara za kuonyesha kila kipande cha sarufi ya Kifaransa ili ishara zifuate sentensi ya Kifaransa. Alipenda watu, lakini hakuiamini kabisa lugha yao. Shika hilo, litarudi.

Amerika inafuata mstari huo huo. Mchungaji kijana anaitwa Thomas Hopkins Gallaudet anamjua msichana kiziwi wa jirani, Alice Cogswell, anatumwa Ulaya kujifunza jinsi ya kufundisha, anarudi 1816 na mwalimu kiziwi kutoka shule ya Paris, Laurent Clerc. Safarini melini Clerc anajifunza Kiingereza, Gallaudet anajifunza ishara. Mwaka 1817 wanafungua shule Hartford. Mwanawe mmoja akaanzisha kanisa la viziwi New York mwaka 1852, mwingine akaongoza chuo cha viziwi Washington kilichoanza 1864, ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Gallaudet.

Halafu ikaja Milano.

Septemba 1880, walimu wa viziwi walikutana Milano, Italia. Wajumbe 164. Kiziwi kati yao: mmoja. Mwenyekiti alikuwa padri, Giulio Tarra, na kura ikapita kwamba ishara ziondolewe madarasani, watoto wafundishwe kusoma midomo na kutamka. Wakaona wanawapa watoto sauti. Kwa takriban miaka 100 baada ya hapo, sehemu kubwa ya dunia, mtoto kiziwi akitumia mikono darasani alikuwa amefanya kosa. Mkutano wa kimataifa wa waalimu hao ulikuja kujuta rasmi mwaka 2010, Vancouver. 2010! Mwaka ambao sisi tulikuwa tunapitisha Katiba.

Na hiyo kura ilifika Kenya. Chama cha Kenya cha watoto viziwi kilianzishwa 1958, na mwaka 1961 zikafunguliwa shule mbili za Kikatoliki magharibi mwa nchi, Nyang'oma na Mumias. Tanzania nao wakapata shule yao ya kwanza Tabora, 1963, Wakatoliki tena. Mtindo ulikuwa ule wa Milano: mwalimu anasema, mtoto anaangalia mdomo. Jaribu leo ukiwa kwa kioo. Sema "papa", "baba", "mama" bila sauti uone tofauti iko wapi. Sasa fundishwa katekisimu namna hiyo.

Lakini usiku mabweni yalikuwa ya watoto. Watoto wametoka nyumba ambazo hakuna mwingine asiyesikia, kila mmoja na ishara zake za nyumbani, mara wanajikuta mia moja chini ya paa moja. Unafikiri walinyamaza? Lugha ya Ishara ya Kenya ilikua hapo, kwenye vitanda vya juu na chini, uwanjani, jikoni kwenye foleni ya uji. Watawa na mapadri walijenga bweni kwa sababu ya injili na silabi, na watoto wakalitumia kuzaa lugha ambayo hakuna aliyeipanga.

Sasa yule mtu wangu.

Andrew Foster alizaliwa 1925 Ensley, Alabama, baba mchimba makaa ya mawe. Akiwa na miaka 11, yeye na nduguye walipata homa ya uti wa mgongo, wakaamka hawasikii. Mtoto mweusi, kiziwi, Alabama, miaka ya 1930: hesabu mwenyewe ni milango mingapi imefungwa. Alienda shule ya watoto weusi viziwi, Talladega, ambayo haikuwapeleka mbali kimasomo. Akiwa na miaka 17 akahamia Detroit. Mchana kiwandani, jioni masomo. Kanisani huko akakutana na simulizi za mmisionari aliyetoka Jamaika kuhusu viziwi wasio na shule wala habari ya Mungu, na hapo akili yake ikapata mwelekeo.

Cheti chake cha sekondari alikipata kwa posta, 1951, akiwa na miaka 26. Mimi nilisoma hapo mara mbili. Chuo cha Gallaudet, chuo cha viziwi, ambacho kiliwahi kuongozwa na mwana wa mchungaji, kilikuwa kimefungia watu weusi mlango kwa miaka mingi. Foster aliomba, akakataliwa, akaomba tena. Mwaka huo wa 1951 wakamkubali, na 1954 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kuhitimu hapo. Akaongeza shahada ya pili Michigan, halafu masomo ya umisionari Seattle. Mwaka 1956 akaanzisha shirika lake mwenyewe la kuwahubiria viziwi wa Afrika. Wazungu wenye mashirika makubwa wangeweza kumtuma? Sijui, lakini yeye hakungoja.

Mwaka 1957, mwaka wa uhuru wa Ghana, akafika Accra. Simulizi inayorudiwa sana ni kwamba wamisionari waliokuwa huko walimwambia hakuna watoto viziwi. Sikiliza, hawakuwa wanadanganya. Hawakuwa wamewaona. Mtoto kiziwi alikuwa amewekwa nyuma ya nyumba, wageni hawamwoni, na kwenye ibada haji kwa sababu aje kufanya nini? Foster aliwapata kwa sababu alijua pa kutafuta. Akaomba shule ya kawaida impe darasa wanafunzi wake wakishaondoka, na kwenye hilo darasa la kuazima akaanza shule ya misheni ya viziwi. Wakaja watoto, wakaja na watu wazima ambao hawajawahi kushika kalamu. Mwaka 1959 shule ya bweni ikahamia Mampong-Akuapem, mlimani. Mwaka 1960 akawa Ibadan, Nigeria. Na hakusimama: zaidi ya shule 30, nchi 13. Ivory Coast, Togo, Chad, Senegal, Benin, Cameroon, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Gabon, Zaire, Burundi. Kenya alianzisha madarasa ya Biblia ya Jumapili.

Fikiria hizo safari. Mtu hasikii honi, hasikii tangazo la ndege, na ana sanduku. Mke wake, Berta Zuther, alikuwa Mjerumani kiziwi pia. Walikutana kwenye kongamano la viziwi Wiesbaden, 1959, wakaoana 1961. Pesa walizokuwa nazo zilitoka kwa michango, kanisa hadi kanisa.

Kitu kinachomtofautisha na wote niliowataja, kuanzia Ponce mpaka wale wa Milano, ni kimoja. Épée alifika kwa viziwi kama mtu anayefika kisiwani. Foster alikuwa anatoka kisiwani. Alipoingia chumbani na mtoto wa Accra ambaye hajawahi kuona mtu mzima kiziwi mwenye suti, shahada na pasipoti, hayo mahubiri yalikuwa yameshaanza kabla hajainua mkono. Na alifundisha walimu viziwi Waafrika. Ibadan ikawa mahali pa mafunzo, vijana wanakuja kutoka nchi za Kifaransa, wanarudi kwao kufungua shule. Wengi wa viongozi wa viziwi Afrika Magharibi na Kati walipita mikononi mwake au mikononi mwa wanafunzi wake. Hakuna mradi wa wafadhili ninaoujua ambao ulizaa watu namna hiyo.

Basi tumsifu tumalize? Ngoja.

Foster alikuja na ishara za Marekani. Ndizo alizozijua, na katika bara ambalo madarasa mengi yalikataza ishara kabisa, yeye alileta lugha kamili yenye maneno ya dini, hesabu, serikali. Ndiyo maana leo ishara za Ghana na Nigeria ni ndugu wa karibu wa za Marekani, na viziwi wa nchi nyingi za Kifaransa, Kongo ikiwemo, wanatumia ishara zenye mizizi hiyo hiyo. Kiziwi wa Lomé na wa Kinshasa wanaweza kupiga stori. Sisi wenye masikio, Mkenya na Mtogo, tunaanza na Google.

Lakini si mbali na Mampong kuna kijiji kinaitwa Adamorobe. Huko kwa vizazi vingi, kwa sababu ya kurithi, wamekuwa wakizaliwa viziwi wengi kuliko kawaida, na kijiji kikatengeneza lugha yake ya ishara. Wenye masikio pia waliijua. Shambani, sokoni, kwa matanga, watu wanaongea nayo. Haikuletwa na mtu, haina damu ya Marekani. Watoto viziwi wa Adamorobe walipopata nafasi ya shule walienda bweni Mampong, wakafundishwa ishara za shule, na wakirudi likizo wana lugha mpya ya kisomi, na ile ya bibi zao inaanza kuonekana ya kishamba. Watafiti leo wanaihesabu kati ya lugha zinazoelekea kupotea.

Foster hakuwa na nia mbaya, na sidhani alijua. Ila ndio ile shida ya Épée imerudi kwa mlango mwingine: unampenda mtu mpaka unambebea lugha, na humuulizi kama anayo.

Na hapa kuna kitu kinanichekesha kwa uchungu. Kenya, ambako shule za misheni zilikataza mikono, watoto walijijengea ishara zao wenyewe kwa siri, ndiyo sababu lugha yetu ya ishara si mtoto wa Marekani, hata kama herufi za vidole na maneno kadhaa tuliazima baadaye, hasa miaka ya 1980 shule zilipoanza kukubali ishara zinazofuata Kiingereza. Ukatili ukaacha lugha ikiota, na ukarimu ukaizika nyingine. Sijui niwaambie mjifunze nini hapo.

Tarehe 3 Desemba 1987, Foster alipanda ndege ndogo akielekea Nairobi. Ilianguka Rwanda, karibu na Gisenyi. Alikuwa na miaka 62. Miaka mitano baadaye, Umoja wa Mataifa ulichagua tarehe hiyo hiyo, 3 Desemba, kuwa siku ya watu wenye ulemavu duniani. Ni sadfa tu, lakini kila mwaka tukiona mabango hayo mjini nitakuwa najua ni siku yake pia.

Sasa turudi nyumbani. Kwa karatasi, Kenya tuko sawa kuliko wengi. Katiba ya 2010 inaitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kwa jina, na Bunge lina lugha rasmi tatu: Kiswahili, Kiingereza na hiyo. Sheria ya watu wenye ulemavu ya 2003 ilidai mkalimani au maandishi kwenye habari za televisheni. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 153,361 wenye shida ya kusikia. Mji mzima huo.

Makanisani mambo ni ya aina mbili. Kuna yale ya mkutano wa injili, mnayajua. Kiziwi anavutwa mbele kwa mkono, mhubiri anaweka vidole masikioni, anapiga kelele "sikia!", umati unashangilia, kamera inazunguka. Nimewahi kuchukua video kama hiyo, sitaki kudanganya. Wanataja Marko sura ya 7, Yesu akimfungua kiziwi masikio. Isomeni tena polepole. Kitu cha kwanza anachofanya ni kumtoa yule mtu kwenye umati, wawe wawili. Halafu anagusa sikio, anagusa ulimi, anaangalia juu mbinguni. Kabla hajatoa sauti hata moja, anazungumza na mwili wake, na yule mtu anaona kinachokuja. Wahubiri wetu walichukua muujiza wakaacha adabu.

Aina ya pili ni wale waliokaa chini wakafanya kazi. Biblia kwa viziwi si kitabu, ni video, kwa sababu lugha hii inaishi usoni, mabegani na hewani. Marekani walianza kuitafsiri 1981 na nzima ikakamilika 2020. Karibu miaka 40! Hapa Nairobi kuna shirika la DOOR International ambalo watafsiri wake ni viziwi wenyewe, na limefanya kazi hiyo kwa lugha za ishara za nchi nyingi. Mashahidi wa Yehova nao wana video zao za Lugha ya Ishara ya Kenya. Fikiria ugumu wake. Kwa maandishi unaweza kusema "alikwenda" na ukaishia hapo. Kwa mikono lazima uonyeshe alitoka upande gani, alikwenda vipi, na uso wake ukoje. Mtafsiri hawezi kujificha nyuma ya neno. Jina la Yesu lenyewe, katika ishara za Marekani na nyingine nyingi, ni kidole cha kati kikigusa kiganja cha mkono wa pili, halafu upande mwingine: misumari. Mimi nimelelewa kanisani na sikuwahi kuona jina hilo likiwa na jeraha ndani yake.

Yule wa komenti tuliendelea kuandikiana. Video niliirudisha ikiwa na mkalimani mzima, watazamaji wakapungua, sawa tu. Akaniambia nikitaka kuelewa niache kusoma, nije ibada yao ya Jumapili.

Nikaenda. Ukumbi mdogo, viti vya plastiki vimepangwa nusu duara ili kila mtu aone kila mtu. Hakuna maikrofoni. Ibada ikianza, mtu anawasha na kuzima taa mara tatu. Kuna ngoma kubwa imewekwa moja kwa moja sakafuni, na ikipigwa inapanda kwenye nyayo mpaka kifuani. Mhubiri ni kiziwi, kijana wa umri wangu, na mikono yake ina kasi ambayo sijawahi kuiona kwa yule wa shati jeusi. Waumini wanajibu na mikono juu, wengine wanabishana naye katikati ya mahubiri, anarudi nyuma anaeleza tena.

Mimi niliwekwa pembeni, kwa kona, na msichana mmoja mwenye masikio akawa ananinong'onezea tafsiri. Kuna mahali ukumbi wote ulipasuka kwa kicheko, watu wanagonga viti. Nikamwangalia msichana. Akaniambia ngoja. Akamaliza sentensi iliyotangulia, akaniletea mzaha wenyewe, na ulikuwa mzuri kweli, kuhusu Petro na jogoo. Nikacheka kwa nguvu, peke yangu. Wao walikuwa wameshafika kwenye sala.